UZI: Klauni wangu wawili wanaumana kila siku. Hii ni vita au ndiyo ndoa yenyewe?

Kamalondo_Kwetu

Wakubwa, jambo yenu. Niko hapa Lubumbashi. Miaka yote nimefuga samaki wa Tanganyika, sasa nimeingia kwenye maji ya chumvi. Nimenunua samaki klauni wawili, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari mitatu myeupe, aina ya ocellaris. Walishuka na ndege kutoka Johannesburg. Muuzaji akaniambia: "Papa, huyu ni dume, huyu ni jike, wameshaoana, kazi yako ni kuwalisha tu."

Tangu waingie tangini mkubwa hampi mwenzake raha. Anamfukuza, anampiga kwa kichwa, anamuuma pezi la mkia. Mdogo hakimbii mbali. Anasimama, anainama ubavu kidogo, halafu mwili mzima unatetemeka. Mkubwa akiona hivyo anamwacha. Kitambo kidogo wanaanza tena. Usiku wanalala kona moja, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Adui gani huyo unayelala naye?

Na jambo lingine: ukiweka sikio kwenye kioo unasikia tk-tk-tk. Mke wangu anaogopa kwamba tangi linapasuka.

Kwa umbo, mkubwa anamzidi mdogo kidogo tu, upana wa ukucha hivi. Niwatenganishe? Nimrudishie muuzaji mmoja? Au haya ni mambo ya nyumbani kwao, niwaache?

Mama_Golf

Bandugu jambo. Papa Kamalondo, samaki anatetemeka ni mugonjwa, mutu asikudanganye. Wangu wa maji baridi alitetemeka vile vile, kesho yake alikufa. Weka dawa ya shaba mbiyo mbiyo.

FundiTangi

Mama Golf, heshima yako, lakini shaba ingoje kwanza. Ni dawa ya kweli kwa vimelea vya samaki wa baharini, ila inatumika kwenye tangi la pembeni, kwa kipimo, si ndani ya tangi lenye matumbawe na mawe hai, yaani mawe ya baharini yenye viumbe ndani yake. Anemoni (yule mnyama wa baharini mwenye minyiri inayochoma, ambamo klauni hujificha), konokono na kamba hawaivumilii hata kidogo. Sisi watu wa Katanga tumeishi kwa shaba, wadudu wa baharini wanakufa kwayo.

Sasa Kamalondo. Kutetemeka huko si ugonjwa, ni salamu. Mdogo anasema "nimekubali, wewe ni mkubwa." Klauni wana lugha ya mwili iliyo wazi kuliko samaki wengi: anayetetemeka na kuinamisha ubavu anajishusha, anayefukuza na kuuma anadai cheo. Ukiona kimoja kinajibiwa na kingine, na anayeuma anaacha akishajibiwa, hapo jozi inajengwa. Ukiona kuuma kunajibiwa kwa kuuma, hapo ndipo ushike wavu.

Maneno ya muuzaji yaweke kando. Kwa klauni wadogo hakuna mtu anayeweza kukuuzia "dume na jike", kwa sababu bado hawajawa chochote. Klauni anaanguliwa bila jinsia iliyokamilika. Akikua, kwanza anakuwa dume. Jike anatokana na dume: yule anayetawala kundi, ambaye kwa kawaida ndiye mkubwa kuliko wote, ndiye anayegeuka. Na akishageuka harudi nyuma. Hiyo ndiyo kanuni inayoamua kila kitu kwenye uzi huu, kwa hiyo naomba tuielewe vizuri kabla hatujaanza kubishana. Dume anaweza kuwa jike. Jike hawezi kuwa dume tena.

Kwa hiyo unachokiona tangini mwako ni wawili wanaoamua nani atakuwa mama. Wamekaribiana mno kwa umbo, ndiyo maana mabishano yanachukua muda. Mmoja angekuwa nusu ya mwenzake, yangekwisha siku ile ile walipoingia.

Unachopaswa kuangalia si kwamba wanafukuzana, bali mdogo anabaki na nini. Anakula? Mapezi yake yamechanika au yamekwaruzika tu? Anaruhusiwa kukaa karibu na mkubwa wakati wa kulala? Umesema wanalala kona moja, na mimi hilo linanituliza kuliko yote. Klauni anayekataliwa kweli utamkuta juu kabisa kwenye pembe ya tangi, pua imegusa uso wa maji, hashuki hata chakula kikiingia. Huyo muondoe usiku huo huo. Vilevile ukiwakuta wameshikana midomo, kila mmoja anamvuta mwenzake, usisubiri kuona nani atashinda. Midomo inajeruhiwa, samaki anashindwa kula.

Mtu_wa_Moba

Hapo miye nabisha kidogo, yaya Fundi. Nimekulia ziwani. Kule Tanganyika tuna samaki wanaitwa brichardi: wazazi wanazaa, watoto wa mwanzo wanabaki nyumbani, wanasaidia kulinda wadogo zao. Familia nzima kwenye mwamba mmoja. Na klauni je? Nimeona picha, wanakaa watano watano ndani ya anemoni moja, mkubwa, wa kati, wadogo. Si familia ile? Basi dawa ni kumwongezea Kamalondo klauni wa tatu na wa nne, hasira ya mkubwa igawanyike.

FundiTangi

Mdogo wangu, umeuliza vizuri, na watu wengi wanaona kama wewe. Kwa macho ni familia kabisa: mama, baba, watoto. Lakini si familia.

Mayai ya klauni yakianguliwa, vitoto vinachukuliwa na maji ya bahari. Vinaelea mbali na mwamba kwa wiki moja na nusu hivi kabla ya kurudi kutafuta anemoni, na anemoni wanayoipata si lazima iwe ya wazazi wao. Wale wadogo unaowaona kwenye picha ni wageni waliopokelewa. Mtafiti Peter Buston aliwachunguza klauni aina ya percula huko Papua New Guinea, na vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba wanakundi si ndugu wa karibu. Kazi ya kutunza mayai pia ni ya dume na jike, si ya hao wadogo. Brichardi wako wanasaidia. Wadogo wa klauni wanasubiri.

Wanasubiri nini? Nafasi. Ni kama foleni ya malori Kasumbalesa, mpakani na Zambia: hakuna anayempita mwenzake, wa mbele akiondoka kila mmoja anasogea hatua moja. Jike akifa, dume wake anapanda kuwa jike, na wa tatu anapanda kuwa dume. Buston alijaribu kuwaondoa wa juu akaona wa chini yao wanarithi kwa zamu, bila kurukana.

Lakini kilichonishangaza mimi ni namna foleni hiyo inavyolindwa. Mwaka 2003 Buston alichapisha kwenye jarida la Nature kwamba kila samaki anazuia ukuaji wake mwenyewe ili asimfikie aliye juu yake. Kila mmoja anakuwa kama asilimia 80 ya urefu wa anayemtangulia. Jike akiwa sentimita 8, dume atakuwa kwenye 6 na nusu, wa tatu kwenye 5. Si kwamba mdogo ananyimwa chakula. Anajizuia, kwa sababu akikaribia umbo la mkubwa anafukuzwa, na klauni aliyefukuzwa kwenye anemoni baharini ni chakula cha samaki wakubwa. Kwa hiyo tofauti ya umbo ndiyo mkataba wao wa amani.

Sasa rudi kwenye wazo lako la kuongeza wa tatu na wa nne. Baharini wa tatu anavumiliwa kwa sababu anajua kujifanya mdogo na ana pa kujificha. Kwenye tangi la nyumbani, la lita 120 hivi? Siku jozi itakapokamilika na kuanza kutaga, wa tatu atauawa. Ungeniambia una mfumo wa matangi mengi, ningenyamaza. Kwenye tangi la sebuleni, wawili wanatosha.

Mtu_wa_Moba

Nimekubali ya foleni. Ya kujizuia kukua bado naitafakari. Mwili unajuaje?

Unilu_Biolojia

Samahani wakubwa, nimesoma kimya tangu mwanzo. Mimi ni mwanafunzi wa biolojia hapa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akwariamu sina, vitabu ninavyo.

Kaka wa Moba, mwili unajua kwa sababu ubongo unatangulia. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichapisha kazi ya kuoanisha madume ya ocellaris, dume kwa dume, wakaangalia anayeshinda anageukaje. Sehemu ya ubongo inayohusika na uzazi ilikuwa imeshakuwa ya kike ndani ya miezi 6. Tezi za uzazi kwa baadhi yao zilikuwa bado za kiume muda mrefu baada ya hapo. Maana yake, samaki anatawala kwanza, anakuwa jike kichwani, mwili unafuata taratibu. Kwa hiyo papa Kamalondo akiuliza "huyu wangu mkubwa ni jike tayari?", jibu la haki ni: kwa tabia pengine ndiyo, kwa mayai bado.

Kuhusu tk-tk-tk: mama asiogope. Ni meno. Mwaka 2007 Eric Parmentier wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, na wenzake walionyesha kwenye jarida la Science kwamba klauni anatoa sauti kwa kufunga taya kwa kasi, meno yanagongana. Kuna sauti ya anayefukuza na sauti ya anayejishusha. Papa akikaa karibu na kioo wakati wa chakula atazitofautisha.

Kamalondo_Kwetu

Mwanangu wa UNILU, aksanti sana, nimemsomea mke wangu na amecheka. Sasa anaweka sikio mwenyewe.

Habari za tangi: mdogo anakula, lakini jana pezi la mkia lilichanika mpaka nikaona pengo. Bado wanalala pamoja. Fundi, niingilie au nisiingilie?

FundiTangi

Ingilia kidogo tu. Usimtoe mdogo umpeleke tangi lingine, kwa sababu wakikutana tena wataanza upya kama hawajuani. Mtoe mkubwa, si mdogo. Muweke ndani ya boksi lenye matundu au kikapu cha plastiki kinachoelea, humo humo tangini, ili waonane na wanuse maji mamoja. Mdogo apate kuzunguka eneo lote kama lake. Baada ya siku kadhaa badilisha mpangilio wa mawe, kona waliyoizoea isiwepo, kisha mfungulie mkubwa jioni taa zikikaribia kuzimwa. Anaingia kwenye nyumba asiyoijua, giza linaingia, wote wawili wanatafuta pa kulala kabla ya kutafuta ugomvi.

Mara nyingi hilo linatosha. Lisipotosha, yaani wakarudi kushikana midomo, kubali kwamba umbo lao limekaribiana mno na uwatenge moja kwa moja. Kubadilisha mmoja si aibu.

Na jambo ambalo hakuna aliyeliuliza: joto. Huu ni wakati wa baridi, usiku wa Juni na Julai hapa kwetu unajua ulivyo. Umeme ukikatika na hita ikalala, maji yakishuka chini ya nyuzi 22, samaki wanapoa, mabishano yanakoma, mtu anasema "wamepatana." Hawajapatana, wanaganda. Nyuzi 25 hadi 27 ndizo zao. Wakati wa delestaji, yaani mgao wa umeme, funika tangi kwa blanketi, na uwe na pampu ya hewa ya betri, kwa sababu samaki wanakosa hewa kabla ya kukosa joto. Na maji yanayopungua kwa mvuke yajazwe kwa maji yasiyo na chumvi. Chumvi haipandi na mvuke, inabaki. Uzito wa maji ya chumvi ukilinganishwa na maji safi uwe 1.025 hivi, usicheze mbali na hapo.

Bukavu_Nguba

Salaam kutoka Bukavu. Nami niongeze langu. Nina klauni mmoja, ocellaris, amekaa peke yake kwa miaka, ni mkubwa, mnene, ana hasira hata na mkono wangu ninaposafisha kioo. Nataka kumtafutia mke. Kuna mtu Nairobi ana klauni wa pwani ya Kenya, wenye mistari miwili, anasema wanaoana na yeyote. Nimwamini?

FundiTangi

Usimwamini, na si mke unayetafuta. Klauni aliyekaa peke yake miaka hana wa kumtawala, kwa hiyo yeye mwenyewe ndiye wa juu. Huyo wako mfikirie kuwa jike. Mtafutie mume, na mume awe mtoto mdogo kabisa, nusu ya umbo lake au chini ya hapo. Kosa kubwa kwa samaki kama wako ni kumletea mwenzake wa umbo sawa "ili asionewe." Majike wawili hawana njia ya kukubaliana, maana hakuna anayeweza kurudi kuwa dume. Mmoja atakufa.

Kuhusu wale wa pwani ya Kenya, bila shaka ni allardi. Ni samaki wazuri na ni wetu wa Afrika Mashariki, lakini ni aina nyingine, wanakua wakubwa na wagomvi kuliko ocellaris. Tafuta ocellaris au percula.

Unilu_Biolojia

Kwa hilo la mistari kuna jambo tamu. Watafiti wa taasisi ya OIST huko Okinawa, Japani, walichapisha mwaka 2024 kwamba ocellaris wadogo wanaangalia idadi ya mistari myeupe. Walionyeshwa samaki wa bandia waliochorwa, na aliyeshambuliwa zaidi ni yule mwenye mistari mitatu kama wao. Yaani adui mkubwa ni anayefanana na wewe, kwa sababu huyo ndiye atakayetaka anemoni yako na mwenzi wako.

Bukavu_Nguba

Basi si ndiyo vizuri nichukue wa mistari miwili? Hatamshambulia sana!

FundiTangi

Ha! Hapana, mzee. Hatamshambulia sana kwa sababu hamwoni kama mshindani, na kwa sababu hiyo hiyo huenda asimwone kama mume. Walioonyeshwa wale walikuwa wadogo na mbele yao kulikuwa na sanamu, si jike mwenye hasira za miaka. Ukitaka jozi, lazima upitie ugomvi wa wanaofanana.

Mchungaji_Katuba

Nimekuwa nikicheka peke yangu. Dume anageuka jike, mjane anaolewa na mtoto wa foleni. Mambo haya siwezi kuyahubiri Jumapili. Lakini swali la kweli: lazima wawe na anemoni ili waoane?

FundiTangi

Si lazima, mchungaji. Baharini hawawezi kuishi bila hiyo, na katika aina karibu elfu moja za anemoni zilizopo ni kama 10 tu zinazowapokea. Tangini hakuna mnyama wa kuwala, kwa hiyo wanachagua chochote: pampu, jiwe, chungu kilicholala ubavu. Anemoni inadai mwanga mkali na maji yaliyotulia miezi mingi, na umeme wetu unavyokwenda mimi simshauri mtu anayeanza ainunue. Chungu cha udongo kinafaa zaidi. Kilaze ubavu pale wanapolala, au egemeza kigae cha sakafu. Jozi ikikomaa utawaona wanakisafisha kwa midomo, jike tumbo limejaa, dume anatetemeka mbele yake. Mayai ya kwanza yanakuja na rangi ya chungwa, siku zikienda unaona macho ya fedha ndani yake. Dume ndiye anayeyapepea kwa mapezi na kuyasafisha kwa mdomo. Jike analinda, na safari hii mkono wako utaumwa kweli. Yanaanguliwa baada ya wiki moja hadi siku 10, usiku, muda mfupi baada ya taa kuzimwa.

Kulea vitoto ni uzi mwingine. Vinakula rotifa, wadudu wadogo wasioonekana vizuri kwa macho, na mtu asiye na rotifa tayari siku ya kuanguliwa ameshachelewa. Jozi za mwanzo zikila mayai yao, msihuzunike, ndivyo wanavyojifunza.

Mama_Golf

Papa Fundi, nimeelewa sasa. Lakini huyo jike akikufa, kweli mume anageuka mwanamuke? Banasema tu ao baliona?

FundiTangi

Mama, waliona. Watafiti Hans Fricke na Simone Fricke waliandika kwenye Nature mwaka 1977 baada ya kuwafuatilia baharini na tangini. Na kwenye tangi la nyumbani utaliona wewe mwenyewe: jike akiondoka, dume anaanza kula zaidi, anaongezeka umbo, anaacha kutetemeka. Ukimletea mdogo mwingine, sasa yeye ndiye anayeuma.

Kamalondo_Kwetu

Nimefanya kama Fundi alivyosema, mkubwa alikaa kikapuni, mawe nikayapanga upya, nikamfungulia jioni. Bado anafukuza, lakini hamgusi tena. Anafika, mdogo anatetemeka, wanarudi kwenye chungu. Pezi limeanza kuota. Mdogo naona kama hakui kabisa ingawa anakula kuliko mkubwa. Zamani ningemnunulia vitamini.

FundiTangi

Usimpe vitamini. Mwache hapo alipo.

Nguba, ukimpata mdogo wako, akusafirie kwenye mfuko wake peke yake. Siku ya kwanza muweke kikapuni ndani ya tangi la jike, na utazame kupitia matundu nani anatetemeka kwanza. Akitetemeka mdogo, mfungulie jioni. Asipotetemeka yeyote na wanagonga wavu kila upande, rudisha picha hapa tupime maumbo yao kabla hujafungua.